Siku Babu Alipopanda Mshikaki

Sauti ya pikipiki ya Shangazi Ndeshi ilikuwa ikitufikia muda mrefu kabla yake mwenyewe. Ilianzia chini kabisa, mahali barabara itokayo Himo inapoanza kupanda kuja Marangu, ikiwa nyembamba kama nyuki aliyefungiwa kibuyuni. Halafu ilimezwa na korongo, kimya kikatanda, tukaanza kudhani ameghairi safari. Na ghafla ikaibuka hapo karibu, nzito, ya kifuani, ikitikisa majani ya migomba na kuwatimua kuku wa Bibi waliokuwa wakiparura chini ya mibuni. Bibi, ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda hata baiskeli, aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria na kusema, "Amefika darajani, anabadilisha gia." Nami nilitupa chini chochote nilichoshika nikatimua mbio. Lakini sikukimbilia uani. Nilikimbilia barabarani, nje ya mstari wa mimea ya masale uliozunguka kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yetu, kwa sababu hapo ndipo sauti ile ilipozimika siku zote. Shangazi yangu, aliyezaliwa katika nyumba ile na kukuzwa kwa ndizi za shamba lile, alikuwa havuki hapo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Wazazi wangu walifanya kazi Dar es Salaam, nami nililelewa na Babu na Bibi mlimani, kama watoto wengi wa Kichagga ambao wazazi wao waliteremka kutafuta maisha. Babu alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa usharika wa Kilutheri, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu alilolivaa kwenye jua na kwenye mvua bila ubaguzi. Shangazi Ndeshi alikuwa kitindamimba wake. Alikuwa na duka la dawa za mifugo pale Himo, na kwa kuwa ng'ombe wa watu hawachagui kuugua karibu na lami, alinunua pikipiki ndogo ili awafikie wafugaji vijijini. Hilo Babu alilimeza kwa shida. Kilichomkaba kooni ni pale binti yake alipoiuza ile ndogo akanunua kubwa, yenye tangi pana jekundu na mngurumo wa kutetemesha vioo vya madirisha, akajiunga na chama cha wapenda pikipiki cha Moshi mjini. Jumamosi walivaa makoti mazito na kofia ngumu, wakaondoka kwa msururu kwenda Rombo au Same, mara kupeleka magodoro kwenye kituo cha watoto yatima, mara kuchangia damu, na mara nyingine, Shangazi hakulificha hilo, kwa raha tu ya kupanda.

Siku ya Pasaka alipokuja nayo kwa mara ya kwanza, Babu alimsubiri penye masale. Kwetu mmea huo ndio uzio na ndio mpaka, na ndio pia mmea wa amani: mtu akikuletea jani la isale anakuomba radhi, na desturi haikuachii nafasi ya kumkatalia. Siku hiyo Babu hakushika jani. Alishika kiuno.

"Shikamoo, Baba," Shangazi aliamkia huku akivua kofia.

"Marahaba. Hicho hakiingii kwangu."

"Baba, mimi si kijana wa bodaboda. Sisi tunapanda kwa nidhamu."

"Pikipiki haijui nani ana nidhamu," Babu alijibu. "Unajua nimesimama kwenye makaburi ya vijana wangapi tangu mwaka uanze? Na kila mama aliniambia mwanawe alikuwa na nidhamu."

Shangazi alitazama chini, akatazama tena juu. "Basi kama haiingii, na mimi siingii."

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mmoja wa hawa alikuwa mwanamke, lakini mafahali walikuwa wawili. Tangu siku hiyo Bibi alifanya kazi ya kuvusha chakula mpakani. Alipakua mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, kwenye bakuli lenye kifuniko, mimi nikabeba vijiko na chupa ya chai, tukaenda kukaa ukingoni mwa barabara kwenye majani, watatu, tukila kama watu waliosubiri gari. Shangazi alitusimulia habari za safari zao, jinsi upepo wa Same unavyochoma macho, jinsi watoto wa kule walivyogombania kugusa taa za pikipiki. Ndani ya nyumba Babu alifungua redio kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Tukirudi na vyombo hakuuliza lolote kuhusu safari. Aliuliza neno moja tu, akiwa ametazama pembeni: "Amekula?" Bibi alijibu amekula, naye akapunguza redio. Akiona Bibi anataka kuendelea na maneno, alimwahi kwa methali yake, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwanzoni mwa mvua za vuli upepo mkali ulishuka kutoka msituni ukang'oa paa la madarasa mawili ya shule yetu. Mabati yalipatikana kwenye migomba ya watu, yamejikunja kama karatasi. Sisi wa darasa la nne tulihamishiwa kanisani, tukawa tunafanyia hesabu kwenye mabenchi ya ibada, tukiandikia magotini, na kila mtu akikohoa mwangwi ulikwenda hadi madhabahuni na kurudi. Mwanzoni ilikuwa raha. Baadaye baridi ya sakafu ile ilitupanda miguuni, wadogo wakaanza kuugua vifua, na darasa la kwanza likaambiwa libaki nyumbani mpaka Mungu afungue njia. Shangazi aliyasikia hayo kutoka kwangu, pale pale ukingoni mwa barabara, mdomo wangu ukiwa umejaa ndizi. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akamwambia chama chao kitaleta mabati na mbao, na wanachama watapanda wote na pikipiki zao, kutoka Moshi kupitia Himo, waje kuezeka kwa mikono yao pamoja na mafundi wa kijiji. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi moja kabla ya Krismasi, wakati watu wa mjini wanapoanza kurudi nyumbani.

Babu alikuwa kwenye kamati ya shule. Kikao kilipofika kwenye jambo hilo, nilivyosimuliwa na Bibi, watu wote walimtazama. Alikohoa, akasema, "Mabati hayana dhambi. Yapokeeni." Watu walianza kupiga makofi, naye akainua mkono. "Ila mimi siku hiyo msinisubiri. Nina machipukizi ya mibuni ya kukata."

Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo mvua ilinyesha bila kupumua. Asubuhi mlima haukuonekana kabisa, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la kanisa, na barabara yetu, ambayo wakati huo ilikuwa ya udongo mwekundu kutoka darajani kwenda juu, iling'aa kama imepakwa mafuta. Kina mama walikuwa wamekusanyika uwanja wa shule tangu mapema, wakimenya ndizi, mikono yao imeingia weusi wa utomvu. Bibi alisimamia sufuria kubwa kuliko zote. Harufu ya nyama na ndizi zinazochemka ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi, macho yakatutoka machozi, na sisi watoto tulikuwa tumepangwa mistari miwili kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni, tukiwa na sweta zilizoanza kulowa mabegani. Tuliimba kujaribu. Tukaimba tena. Wageni hawakuja. Mwalimu mkuu alikuwa akienda hadi getini na kurudi. Bibi aliacha kukoroga, akainamisha kichwa kusikiliza upande wa korongo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisikiliza bila kusema gia gani.

Aliyekuja alikuwa Kelvin, kijana wa bodaboda aliyekuwa jirani yetu, na pikipiki yake ndogo ikiwa imetapakaa matope. Alikuwa ametokea chini na abiria, akashusha mguu kabla hata ya kusimama vizuri. "Mama, kuna ajali pale kona ya chini ya daraja," alimwambia Bibi. "Mwanamke wa yale mapikipiki makubwa. Ameteleza, pikipiki imemlalia mguu. Nimepita wakiwa wanaitoa. Amelala tu, haongei."

Mwanamke wa yale mapikipiki makubwa. Sisi tulimjua mmoja tu. Mwiko ulizama kwenye sufuria, Bibi hakuutafuta. Alitoa simu kutoka kifuani, akaitazama kama hajui inavyotumika, akampa mwalimu mkuu ampigie Shangazi. Mwalimu alipiga mara ya kwanza, mara ya pili, akatikisa kichwa. Haikupatikana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. "Nenda ukamwambie babu yako," Bibi alisema kwa sauti ndogo sana, na Kelvin akanipakia nyuma yake.

Babu hakuwa akikata machipukizi. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kihamba, upande unaoona barabara ya bonde, panga limening'inia mkononi, koti limelowa maji. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Nilimwambia maneno yale yale ya Kelvin kwa sababu sikuwa na mengine. Babu hakupiga kelele. Aliliweka panga chini taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha chai, akatembea hadi kwenye masale, akavunja jani moja refu. Kisha akaja moja kwa moja kwenye pikipiki ya Kelvin.

"Shikamoo, Babu," Kelvin alisema, hana uhakika.

"Nipandishe."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Babu alinyanyua mguu wake mrefu kama anayeruka mfereji, akakaa. Mimi sikutaka kubaki, wala hakuna aliyeniambia nishuke, kwa hiyo niliminywa katikati yao, watatu juu ya pikipiki moja, kile vijana wanachokiita mshikaki na polisi wanakiita kosa. Tukaanza kuteremka. Babu alimshika Kelvin mabegani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshikilia jani la isale juu, kama mshumaa usiotakiwa kuzimika. Alisema, "Haraka, kijana," na tulipoteleza kidogo akasema, "Polepole!" na mara tukinyooka akasema tena, "Haraka." Kati ya haraka na polepole aliomba kwa Kichagga, karibu na sikio langu, na katika maombi yale nilisikia jina la shangazi yangu likirudiwa, lile refu la ubatizo ambalo hakuna aliyelitumia nyumbani. Ndipo nilipoelewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba tangu Pasaka hakuwa na hasira hata siku moja. Alikuwa anaogopa.

Kwenye kona tulikuta pikipiki zimepangwa pembeni mwa barabara, nyingi kuliko nilivyowahi kuona, zinatoa mvuke kwenye mvua nyepesi. Watu wenye makoti meusi walikuwa wamesimama kwa duara. Walipomwona mzee mwenye jani la isale wakampisha bila kuulizwa. Katikati, juu ya turubai, alilala mtu aliyefunikwa koti hadi kidevuni, kofia ngumu bado iko kichwani, mguu mmoja umefungwa vijiti na kamba za maganda ya mgomba. Babu alipiga magoti kwenye tope. "Ndeshi," alisema. "Ndeshi, mwanangu. Nisamehe baba yako."

Yule mtu aligeuza kichwa kwa taabu, akapandisha kioo cha kofia. "Shikamoo, Baba," alisema kwa sauti ya maumivu, lakini kwa adabu kamili. "Mimi si Ndeshi. Mimi ni Rehema, mwalimu wa Shirimatunda, kule Moshi."

Hakuna aliyecheka, si wakati ule. Babu alibaki amepiga magoti, mdomo wazi, akimtazama mwanamke asiyemjua. Nami nilitazama lile duara vizuri na kuona kitu ambacho hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kukifikiria: chini ya zile kofia, wengi walikuwa wanawake. Kisha majani yakachakarika upande wa mto, na Shangazi Ndeshi akapanda kutoka bondeni akiwa na chupa ya maji mkononi, suruali imeingia matope hadi magotini, mzima, hana hata mkwaruzo. Ni yeye aliyeufunga ule mguu, kwa mikono iliyozoea kufunga miguu ya ndama.

Alisimama. "Baba? Umefikaje hapa?"

Babu aliinuka. Niliona magoti ya suruali yake yamekuwa mekundu. Alimnyooshea lile jani.

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. "Baba, usinifanyie hivyo. Mimi ndiye mtoto. Mimi ndiye wa kukuletea wewe."

"Pokea, Ndeshi. Mkono umechoka."

Alilipokea kwa mikono miwili. Babu akamshika kichwa, akakibonyeza kifuani kwenye koti lake lililolowa, na kilio kilichotoka kwa shangazi yangu kilikuwa cha mtoto mdogo kuliko mimi. Alipomwachia, Babu alikohoa, akapangusa uso kwa kiganja, akauliza kwa ukali, "Na breki za hilo dude lako, umezikagua?" Hapo ndipo watu walipocheka. Mwalimu Rehema naye alicheka, akasema jamani msinichekeshe, mguu unauma. Mimi nilikaa chini barabarani, nikasikia mwili wote ukilegea, kuanzia mabegani, kama mtu aliyetuliwa kuni.

Pikapu ya jirani mmoja ilimteremsha Mwalimu Rehema hospitali, na jioni tukapata habari kwamba ni mfupa mmoja umevunjika, utapona. Kelvin alijitolea kumrudisha Babu, lakini Babu alikataa. "Leo nimepanda, inatosha." Shangazi akamkabidhi mwenzake pikipiki, akapanda mlima kwa miguu na baba yake, mimi nikiwafuata nyuma. Msafara ulitupita taratibu, mmoja mmoja akipiga honi na kuinua mkono, na Babu akawa anaitikia kila mmoja kwa kichwa, kama anavyoitikia washarika wakitoka ibadani. Walizungumza Kichagga cha chini chini njia nzima. Niliyoyasikia yalikuwa ya ng'ombe na ya bei ya kahawa. Labda mengine hayakuhitajika tena.

Mabati yalipanda siku hiyo hiyo. Wale watu wa makoti meusi walivua makoti, wakapanda ngazi, wengine wakabeba mbao, wengine wakala mtori kwa pupa wakarudi kazini. Mvua ilipokatika mchana, jua likapiga kwenye mabati mapya hadi tukakinga macho. Babu aliombwa kufunga kwa sala. Alishukuru kwa paa, akashukuru kwa wageni, akamwombea mguu mwalimu wa Shirimatunda kwa jina, akasema amina. Jioni Shangazi alisukuma pikipiki hadi penye masale, injini imezimwa, kwa heshima. Babu alikuwa tayari uani. "Washa," alimwambia. "Usiingie kwako kama mwizi."

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki kwa uzee, kitandani mwake, amezungukwa na watu. Barabara yetu sasa ina lami hadi kanisani, na shule ina majengo mapya. Kelvin amekuwa mtu mzima mwenye maduka mawili, na chama cha Shangazi kina vijana ambao hawajui kwamba kuna wakati mwanamke juu ya pikipiki kubwa alikuwa mmoja tu machoni pa watu wote. Sitasema Babu alikosea. Mazishi ya vijana hayajaisha, na lami imeongeza mwendo kuliko ilivyoongeza akili. Mimi nafanya kazi Moshi mjini, na mwezi uliopita Shangazi, ambaye sasa magoti yanamsumbua na mvi zimemjaa, aliongoza wenzake kwenda Rombo kupeleka taulo za kike kwenye shule za sekondari. Mvua ilianza wakiwa njiani. Nilikaa kazini naandika bila kuelewa ninachoandika, simu imelala mezani. Woga ni ule ule aliokuwa nao Babu. Tofauti ni kwamba siku hizi mtu hahitaji kukaa nao kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Simu ilitetemeka. "Tumefika wote," aliandika. "Hapa wanatupa chai ya moto." Nilisoma mara mbili, nikamwomba mwenzangu anifungulie dirisha, nikavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikasikia njaa.